BUNDUKI MPYA NA DARUBINI YAKE: SABABU ZA KUKOSA SHABAHA NA NJIA YA KUZIONDOA

Wasomaji wetu wa Mingoyo, Mtama, Nyangao na pwani yote ya Lindi wajua vema ya kuwa bunduki katika nchi hii si pambo la nyumba. Mahindi na mihogo ikikaribia kuiva, nguruwe huja usiku; mwenye shamba hana budi kulala dunguni ili alinde chakula chake, na mara nyingine simba amfuataye nguruwe humkuta mlinzi kwanza. Kwa hiyo leo twataka kufundisha jambo lililo dogo kwa umbo lakini kubwa kwa faida, nalo ni hili: namna ya kuifunga darubini juu ya bunduki mpya, namna ya kuisawazisha, na namna ya kulitafuta kosa bunduki ikataapo kupiga pale inapolengwa.

Neno kuu la somo hili twaliweka mbele ili lisisahauliwe. Bunduki ikikosa, usiguse vifundo vya darubini kabla hujazikagua skrubu zake. Tena usibadili mambo mawili kwa mara moja. Mtu atakayelishika neno hili hatapoteza risasi bure, wala hataisingizia bunduki njema kuwa ni mbovu.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Mwaka 2005 wataalamu wa wanyama, na miongoni mwao Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walitoa habari katika jarida la Nature juu ya simba walao watu katika Tanzania. Walihesabu ya kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 na kujeruhi watu 308 au zaidi. Wilaya za Lindi na Rufiji zilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Wakaona tena ya kuwa mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, yaani Machi hadi Mei, na ya kuwa mahali penye nguruwe wengi ndipo penye hatari nyingi, kwa sababu simba humfuata nguruwe mpaka mashambani, na mashambani ndimo walalamo watu.

Basi bunduki ya askari wa wanyamapori, au ya mtu mwenye leseni aliyepewa ruhusa ya kufukuza nguruwe, hulinda chakula na roho za watu pamoja. Lakini bunduki isiyopiga sawasawa ni mbaya kuliko kutokuwa na bunduki kabisa. Mnyama aliyekoswa hukimbia. Mnyama aliyejeruhiwa huingia kichakani na uchungu wake, na kesho yake asubuhi mama aendaye kuchota maji au mtoto aendaye shule ndiye atakayekutana naye. Tofauti ya shubiri moja tu kati ya moyo na tumbo yaweza kuwa tofauti ya mnyama mmoja aliyekufa na msiba wa nyumba nzima.

Wazee wetu wa bonde la Lukuledi wana mfano mwingine wa jambo hili katika historia yao. Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wadachi walikuwa na bunduki za namna ya mwaka 1871, zitumiazo baruti yenye moshi. Kila askari alipopiga, wingu jeupe lilisimama mbele yake na kumwonyesha adui mahali alipo. Macho ya askari yalikuwa mazuri na moyo wake mkubwa, lakini baruti ilimponza. Walipofika kupigana Mahiwa, Oktoba 1917, katika njia hii hii iendayo bara kutoka Mingoyo, wengi walikuwa wamekwisha pata bunduki nyingine bora. Twajifunza hapa ya kuwa silaha ni jumla ya viungo vyake. Kiungo kimoja kikiwa kibovu, ustadi wa mpigaji hautoshi kukiponya.

SHERIA NA USALAMA KWANZA

Kabla ya kusema habari za skrubu, twakumbusha sheria. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hana ruhusa mtu yeyote kuwa na bunduki ila kwa leseni. Tena kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini hapigwi kwa kupenda kwa mtu. Habari za simba au tembo aliyeingia kijijini hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa wa wanyamapori, nao ndio watakaowatuma wenye kazi hiyo. Somo hili ni la hao, na la wenye leseni. Halimfungulii mlango mwenye gobore la kuficha.

Kujaribu bunduki nako kwataka mahali palipokubaliwa na polisi. Risasi ya bunduki kubwa yaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, kwa hiyo nyuma ya ubao wa shabaha lazima pawe na kilima au ukuta wa udongo mnene. Wenyeji wa Mingoyo wasidanganyike na uwazi wa hori na mikoko. Risasi ipigayo maji huruka tena kama kijiwe kirushwacho na watoto, na huko mikokoni kuna wavuvi na wachumaji wa chaza wasioonekana. Mtutu usielekezwe kwa mtu hata bunduki ikiwa tupu, na kila uanzapo kazi ya bisibisi, fungua chumba cha risasi, tazama kwa macho na uguse kwa kidole, uwe na hakika kwamba hamna kitu.

VIUNGO VYA DARUBINI

Darubini ya bunduki ina bomba lenye vioo, na ndani yake msalaba mwembamba wa kulengea. Bomba hilo hushikwa na pete mbili. Pete hukaa juu ya vikalio, yaani vipande vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu juu ya mtambo wa bunduki. Juu ya bomba pana vifundo viwili: kimoja chapeleka shabaha juu na chini, kingine kulia na kushoto. Ukikigeuza kifundo chalia "ta", na kila mlio ni hatua moja ndogo.

Angalieni basi: kati ya jicho la mpigaji na mtutu wa bunduki pana viungo vinne, navyo ni msalaba, bomba, pete na vikalio. Vyote hivi vyategemea skrubu ndogo zisizozidi urefu wa ukucha. Kila bunduki ipigapo, hurudi nyuma kwa teke kubwa, na teke hilo hujaribu kuvunja urafiki wa viungo hivi. Ndiyo sababu twasema makosa mengi ya darubini hukaa katika skrubu, wala hayamo katika vioo.

NAMNA YA KUIFUNGA

La kwanza, ni kusafisha. Bunduki mpya huja imepakwa mafuta mazito ili isishike kutu safarini. Mafuta hayo yakibaki chini ya kikalio au katika matundu ya skrubu, chuma hakishiki chuma; kinateleza. Futeni mahali hapo kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ndani ya pete pia kuwe kukavu.

La pili, ni kufunga vikalio. Tazameni kama vimekaa bapa juu ya mtambo bila kucheza. Kikalio kikicheza kabla ya kufungwa, si chake. Skrubu zitakipinda, na kikipinda kitaipinda na darubini. Tena pimeni urefu wa skrubu. Skrubu ya mbele ikiwa ndefu mno hutokea chini na kugusa kifungio cha bunduki, nacho huwa kizito kufunga. Mtu asiyejua hukilaumu kifungio na kukipiga nyundo, kumbe ni skrubu iliyozidi unene wa punje ya mtama.

La tatu, ni masafa ya jicho. Jicho likae mbali na kioo cha nyuma kadiri ya sentimita 9, na katika bunduki yenye teke kubwa zaidi kidogo. Fumbeni macho, iwekeni bunduki begani kama ilivyo desturi yenu, kisha fumbueni. Mkiona duara kamili la nuru, ni vema. Mkiona kivuli cheusi ukingoni, isogezeni darubini mbele au nyuma mpaka kivuli kiondoke. Wengi wenye kovu juu ya nyusi walilipata kwa kuipuuza hatua hii.

La nne, ni kuunyosha msalaba. Hapa twamwazima fundi mwashi timazi yake. Tundikeni uzi wenye jiwe umbali wa mita 25, iwekeni bunduki sawasawa juu ya mifuko ya mchanga, kisha zungusheni bomba ndani ya pete mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi.

La tano, ni kukaza. Kazeni skrubu kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, kama fundi afungavyo gurudumu la gari, ili nafasi za pande zote mbili za pete zibaki sawa. Kipimo cha nguvu kiko katika karatasi ya mtengenezaji, na kwa pete nyingi ni karibu nyutoni mita 2. Mwalimu aweza kuwaeleza wanafunzi hivi: ni sawa na uzito wa kilo moja uliotundikwa mwisho wa mkono wa chuma wenye urefu wa sentimita 20. Si nguvu nyingi. Mwenye misuli apitapo kiasi hulibonyeza bomba au hukata kichwa cha skrubu. Mwisho, wekeni alama nyembamba ya rangi ipitayo juu ya kichwa cha skrubu na juu ya pete, na nyingine mahali bomba liingiapo katika pete. Alama hizo ni shahidi asiyesema uongo: kitu kikisogea, mstari hukatika.

NAMNA YA KUSAWAZISHA

Msianze kwa mita 100. Toeni kifungio, iwekeni bunduki imara juu ya mifuko ya mchanga, chunguliani ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka mwone alama ya ubao ulio mita 25 katikati ya tundu. Kisha, bila kuitikisa bunduki, geuzeni vifundo mpaka msalaba uje juu ya alama ile ile. Kazi hii haitaki hata risasi moja, nayo huokoa risasi nyingi.

Sasa pigeni risasi tatu kwa utulivu, zote za namna moja, tena zote mkilenga alama ile ile. Msigeuze kifundo baada ya risasi moja, kwa kuwa risasi moja haisemi kitu ila yenyewe. Matundu matatu yakikaa pamoja, tafuteni katikati ya kundi hilo na kulipima.

Hapa hesabu yaanza, nayo yafaa hata darasani. Katika darubini nyingi mlio mmoja husogeza shabaha karibu milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 50 ni nusu yake, yaani milimita 3 na nusu. Kwa mita 25 ni robo yake, karibu milimita 1.8. Nyingine huandikwa ya kuwa mlio mmoja ni sentimita 1 kwa mita 100. Someni kwanza maandiko yaliyo juu ya kifundo.

Jambo la pili la kujua ni kwamba darubini hukaa juu ya mtutu kadiri ya sentimita 4. Kwa hiyo, kwa mita 25, risasi ya bunduki iliyosawazishwa kwa mita 100 haifiki katikati ya msalaba bado. Yapita chini kidogo. Tuchukue bunduki ya .375, ijulikanayo sana kwa kazi ya wanyama wakali. Ikisawazishwa kwa mita 100, kwa mita 25 hupiga chini kwa kiasi cha sentimita 1.3, kwa mita 50 iko karibu sawa, kwa mita 150 imeshuka karibu sentimita 5.

Tufanye hesabu. Kundi la kwanza, kwa mita 25, limekaa sentimita 9 kushoto na sentimita 4.9 chini. Tunataka risasi iwe chini sentimita 1.3 tu, basi tuipandishe sentimita 3.6, yaani milimita 36. Milimita 36 kugawanya kwa 1.8 ni milio 20 kwenda juu. Milimita 90 kugawanya kwa 1.8 ni milio 50 kwenda kulia. Pigeni tena tatu kuthibitisha, kisha nendeni mita 100. Hapo kundi likiwa juu sentimita 5, yaani milimita 50, gawanyeni kwa 7: ni milio 7 kwenda chini. Pigeni tatu za mwisho. Acheni mtutu upoe kati ya makundi, kwa maana mtutu wa moto hauisemi kweli ya mtutu baridi, na mnyama hupigwa kwa mtutu baridi.

DALILI ZA UGONJWA NA SABABU ZAKE

Mganga mwema hutazama dalili kabla ya kutoa dawa. Hizi ndizo dalili zionekanazo mara nyingi.

Kundi ni dogo, lakini limekaa mahali pasipotakiwa. Huu si ugonjwa. Geuzeni vifundo kwa hesabu, basi.

Kundi la leo ni dogo, na la jana lilikuwa dogo, lakini mahali si pamoja. Kuna kitu kilichosogea. Tazameni alama za rangi juu ya pete na skrubu. Kama hazikukatika, ondoeni darubini mkague skrubu za vikalio, ambazo hufichwa na pete na kusahauliwa. Hiki ndicho kiota cha makosa mengi.

Matundu yametawanyika kama punje zilizomwagika. Hapa sababu ni nyingi, na lazima zichujwe moja moja. Kwanza skrubu za darubini. Pili skrubu kubwa ziunganishazo mtambo na kitako cha mti. Tatu, pitisheni kipande cha karatasi kati ya mtutu na mti; mahali karatasi ikwamapo, mti unausukuma mtutu, na mti wa pwani hunywa unyevu wa masika na kuvimba. Nne, badilini namna ya risasi, kwa kuwa bunduki moja hupenda risasi hii na nyingine ile. Tano, mkiweza, fungeni darubini nyingine ijulikanayo kuwa nzima. Matundu yakikusanyika, mmemjua mwizi.

Kifundo kimegeuzwa mpaka mwisho, na risasi bado iko kando. Msilazimishe. Kikalio kimekaa upande au kimefungwa kinyume. Rudisheni kifundo katikati kwa kuhesabu milio yote toka mwisho huu hadi mwisho ule na kuchukua nusu yake; kisha toeni vikalio na kuvifunga upya.

Kifundo kimegeuzwa, risasi haikusogea. Baada ya risasi mbili yasogea ghafula. Ni ugonjwa wa ndani ya darubini. Fanyeni jaribio la mraba kwa mita 100: pigeni risasi ya kwanza, milio 20 juu, pigeni, milio 20 kulia, pigeni, milio 20 chini, pigeni, milio 20 kushoto, pigeni. Mkilenga alama moja siku zote, matundu yatafanya mraba wenye pande za sentimita 14 hivi, na risasi ya tano itarudi karibu na ya kwanza. Isiporudi, irudisheni darubini kwa aliyeiuza. Fundi wa kijijini asiifungue, kwa kuwa hewa kavu iliyotiwa ndani yake itatoka, na unyevu wa bahari utaingia.

Kwa mita 50 risasi iko sawa, kwa mita 150 iko kando. Msalaba umelala upande, au mpigaji huinamisha bunduki. Rudini kwenye uzi wa timazi.

Bunduki haina kosa, lakini mtu huyu hukosa na mwenzake hupata. Kosa ni la mtu, wala si aibu kulisema. Teke kubwa hufundisha mwili kujikunja kabla ya kuvuta kifyatulio. Dawa yake ni hii: mwenzake ashike risasi, mara atie, mara aache chumba kitupu bila mpigaji kujua, na mtutu daima uelekee kilimani. Chumba kikiwa kitupu, mtutu ukaruka chini kwa kuvutwa, ukweli umefunuka. Afanye mazoezi bila risasi mpaka mwili utulie.

MFANO WA SOMO

Tufanye mfano wa askari wa wanyamapori wa kijiji kimoja cha bondeni, aliyepewa bunduki mpya. Siku ya kwanza alipiga katikati, akafurahi. Siku ya pili risasi ilikwenda kando shubiri nzima. Akageuza kifundo, ikaenda upande wa pili. Akageuza tena. Jioni risasi kumi na moja zilikuwa zimekwisha, na watu wakaanza kunong'ona ya kuwa bunduki imefungwa kwa uganga. Akamwendea mzee mmoja, aliyekuwa askari zamani.

"Shikamoo, babu. Bunduki hii imenishinda. Jana ilipiga katikati, leo yapiga huku na huku."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tangu jana umegusa nini?"

"Nimegeuza kifundo, babu, mara tatu au nne."

"Na skrubu je?"

"Skrubu sikuzitazama. Ni mpya."

"Basi umempa mgonjwa dawa nne, wala hukumpima homa. Lete bisibisi."

Walipoondoa darubini, kikalio cha nyuma kilicheza kwa kidole. Chini yake palikuwa na mafuta ya kiwandani, mazito kama samli. Wakafuta kwa spiriti, wakakaza kwa kipimo, wakatia alama ya rangi, wakarudisha vifundo katikati na kuanza tena kwa mita 25. Risasi sita zilitosha. Mzee akamwambia aandike katika daftari tarehe, namna ya risasi, umbali, na milio aliyogeuza. "Maana," alisema, "kichwa husahau, na mwenye kusahau hufukuza tundu."

Kufukuza tundu ndilo jina zuri la kosa hili. Mtu huliona tundu kushoto akakimbilia kulia. Likaja kulia akakimbilia kushoto. Mwisho haijui tena bunduki yake ilianzia wapi. Kama yule askari angeyafumba macho yake na kwenda kuvizia nguruwe dunguni kwa bunduki ile, nani angejua risasi ingefika wapi?

KUITUNZA PWANI

Hewa ya hori ina chumvi. Ifuteni bunduki kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, lakini kabla ya kupiga kausheni ndani ya mtutu, kwa kuwa risasi ya kwanza katika mtutu wenye mafuta huenda kando. Vioo visifutwe kwa kanga yenye vumbi. Pulizeni kwanza, kisha futeni kwa kitambaa laini. Bunduki isilazwe juu ya darubini yake, wala isiachwe wazi katika gari liendalo njia ya mashimo. Ikianguka, hata kama haina jeraha la kuonekana, ijaribuni kwa risasi tatu kabla ya kazi.

Na wakati wa magharibi, punguzeni nguvu ya darubini. Darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 40, ikikuza mara 4, huleta kwenye jicho nuru yenye upana wa milimita 10, zaidi ya jicho liwezavyo kupokea. Ikikuza mara 12 huleta milimita 3 na kidogo tu, na mnyama huwa kivuli kati ya vivuli. Mwenye kuona kivuli asipige. Huenda kivuli hicho ni jirani ashukaye dunguni kwake.

Twawaomba wakuu wa vijiji wahimize jambo hili kabla ya Machi, ili kila bunduki ya kazi ijaribiwe na kuandikwa daftarini kabla mahindi hayajaiva. Siku ya kilio si siku ya kutafuta bisibisi.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Kwa nini huanza kukagua skrubu kabla ya kugeuza vifundo?
2. Bunduki imepiga sentimita 7 kulia kwa mita 50. Mlio mmoja ni milimita 3 na nusu. Utageuza milio mingapi, na upande gani?
3. Karatasi imekwama kati ya mtutu na mti. Maana yake nini?
4. Kwa nini risasi tatu hutoa habari kuliko risasi moja?
5. Kwa nini si halali kujaribu bunduki kwa kuielekeza horini?

Jibu la swali la pili ni milio 20, kwenda kushoto. Mengine yamo katika somo. Mwenye kuyasoma tena atayaona.